Skuta ya 125 haipandi mlima: pesa ya kwanza iende wapi?

Swali kutoka kwa msomaji wa Arusha:

"Shikamoo fundi. Nina skuta ya Kichina ya 125, niliinunua mtumba Dar, sasa nimehamia nayo Arusha na naitumia kuwapelekea wateja keki. Kule Dar barabara ikiwa tambarare ilikuwa inafika 80. Hapa haivuki 60, na nikipanda Ilboru nikiwa na boksi nyuma inashuka mpaka 25 huku injini ikinguruma kwa chini kama imebanwa. Mafuta nayo inakula kuliko zamani. Fundi mmoja kaniambia nifunge silinda ya 150, mwingine anasema nivue chujio la hewa na kutoboa ekzosi. Nina laki moja na nusu tu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Silinda usinunue, ekzosi usitoboe, na kama chujio umeshalivua, lirudishe leo hii. Kwa dalili ulizozitaja, hiyo laki na nusu inaweza kabisa kuirudisha skuta karibu na ilivyokuwa, mradi itumike kwa mpangilio. Skuta ndogo ikiishiwa nguvu watu huilaumu injini kwanza kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Mara nyingi injini ni nzima. Nguvu inapotelea kwenye boksi la mkanda kabla haijafika tairini, au inazamishwa na petroli ya ziada kwenye kabureta. Barua yako inanukia vyote viwili.

Tujue kwanza tunazungumzia injini gani. Skuta nyingi za Kichina za saizi yako zina injini iitwayo GY6. Asili ya muundo wake ni Honda, kampuni ya KYMCO ya Taiwan wakauendeleza, kisha viwanda vya China vikanakili bila kuchoka. Angalia kwenye chuma cha injini kwa chini: ukikuta 152QMI, ndiyo hiyo. Hiyo 52 ni upana wa silinda kwa milimita. 157QMJ ni ya 150, na 139QMB ni ya 50. Nakujibu nikichukulia kwamba yako ni 152QMI. Ikiwa nzima hutoa nguvu za farasi kama 8, na huzitoa inapozunguka kwenye mizunguko 7,500 hivi kwa dakika. Chini ya hapo farasi wamo, ila wamelala.

Sasa, Arusha. Mji uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni asilimia 85 hivi ya ule wa Dar. Injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) inavuta ile hewa inayoikuta, kwa hiyo kati ya farasi 8 wa Dar umebakiwa na 7, na hakuna spea ya bei rahisi itakayomrudisha yule wa nane. Mlimani utamkumbuka. Ila barabara ikiwa tambarare, hewa hiyo hiyo nyepesi haikuzuii usoni kama ile ya pwani, ndiyo maana spidi ya juu haipaswi kushuka sana kwa ajili ya mwinuko peke yake. Kutoka 80 hadi 60 si mwinuko. Kuna kitu kimechakaa.

Mwinuko una kosa lake jingine, nalo linatibika. Kabureta ilipangwa kwa hewa nzito ya pwani. Hewa inapokuwa nyepesi, petroli inayonyonywa haipungui kwa kiwango kile kile, kwa hiyo kila mvuto unaingia na petroli nyingi kuliko inavyohitajika. Injini inakuwa nzito, plagi inapata masizi, na tanki linakauka mapema. Hayo yote umeyaandika mwenyewe.

Kabla hujashika spana, pata kipimo. Chagua kipande kimoja cha tambarare na mlima mmoja, beba uzito ule ule, na usome spidi kwenye GPS ya simu iliyofungwa imara kwenye usukani, maana mishale ya dashibodi za skuta hizi hupenda kumsifia mwenye chombo. Andika. Kisha badilisha kitu kimoja tu na urudi mlima ule ule. Fundi akibadilisha vitu vitano siku moja na skuta ikakimbia, hutajua ni kipi kilichokusaidia na vipi vinne ulivilipia bure.

Anza na visivyo na gharama. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi: mbele paundi 25 hadi 28, nyuma 30 hadi 33 ukiwa na mzigo, usizidi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kisha weka stendi kubwa, zima injini, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likigoma au likisimama pale pale unapoachia, shuu za breki zinakwaruza. Kebo imekazwa mno au kamu yake imekauka grisi. Fanya hivyo na la mbele. Nimeona watu wakishusha injini nzima ilhali breki ya nyuma ndiyo iliyokuwa ikila nguvu.

Sasa twende kwenye boksi la mkanda. Hapa ndipo ningeweka pesa ya kwanza.

Ni kile kifuniko kirefu cha upande wa kushoto, chenye kiki. Ndani yake, mbele, kuna puli inayokaa kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni; mafundi huiita variata. Ndani ya variata kuna rola 6, vipande vidogo vya duara vyenye uzito. Nyuma kuna puli nyingine yenye springi kubwa na klachi, na mkanda unaziunganisha. Injini ikiongeza mizunguko, rola hutupwa nje, husukuma uso wa puli, mkanda hupanda juu mbele na kuzama nyuma, na hapo ndipo "gia" inabadilika. Wewe huchagui gia. Rola ndizo zinazoamua injini izunguke kwa kasi gani wakati skuta inaongeza mwendo.

Ukifungua, utoe mkanda na usome namba mgongoni. Kwenye 125 na 150 mara nyingi utakuta 743-20-30 au 842-20-30, kutegemea urefu wa boksi: urefu kwa milimita, upana, halafu pembe ya ubavu. Hiyo 20 ndiyo inayotuhusu. Pima upana wa mgongo kwa vernia (kile kipimo cha kubana cha milimita) sehemu tatu au nne. Ukipungua hadi 19 au chini yake, mkanda umekwisha hata kama hauna ufa wowote. Mkanda mwembamba hauwezi kupanda hadi ukingoni mwa puli ya mbele, na hiyo ni sawa na gari lililonyang'anywa gia ya mwisho: injini inafanya kazi, mwendo hauji.

Kuna kipimo kizuri kuliko vernia na kinagharimu kalamu tu. Safisha nyuso za puli ya mbele, kisha kwa kalamu ya maka chora mstari mnene kuanzia katikati hadi ukingoni kabisa. Rudisha kila kitu, endesha kwenye tambarare mpaka mwisho wa spidi yake, rudi, ngoja ipoe, fungua. Mkanda utakuwa umefuta wino mpaka ulipofika. Wino ukibaki upana wa milimita moja ukingoni, mkanda unafanya kazi yake. Wino ukibaki milimita nne au tano, umeona kwa macho yako zilipokwenda zile kilomita 20 zako. Sababu ni moja kati ya mbili: mkanda umekonda, au rola hazifiki mwisho wa njia zake.

Kwa hiyo toa rola. Rola nzima ni duara kamili. Iliyochakaa ina ubapa upande mmoja, na ubapa huo hukwama njiani, skuta ikawa inaongeza mwendo kwa kushtukashtuka kisha inagoma. Saizi ya GY6 ya 125 na 150 ni 18 kwa 14, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 14. Ya 50 ni 16 kwa 13, usipewe hiyo. Uzito ndio wa kuangaliwa zaidi. Wewe unaoka keki, mizani ya gramu unayo. Zifute vizuri, ziweke zote 6 kwa pamoja, gawanya kwa 6. (Bakuli la mizani lioshe baadaye, keki ya mtu isije ikanukia mpira ulioungua.)

Nikirudi kwenye sentensi yako, "inanguruma kwa chini kama imebanwa". Hiyo ni sauti ya injini iliyopandishiwa gia mapema. Rola nzito zinatupwa nje kwa nguvu hata injini ikiwa bado chini, puli inafunga, mkanda unapanda, na injini yenye farasi 7 inajikuta inasukuma mlima kwenye mizunguko 5,000 wakati nguvu yake iko 7,500. Dar ilimudu. Arusha, ikiwa na hewa pungufu na boksi la keki, haimudu. Dawa ni rola nyepesi kidogo. Ukikuta zako ni gramu 13, nunua za 12 au 11.5, ukikuta 12, nunua 11 au 10.5. Usishuke zaidi ya gramu moja na nusu kwa mara moja. Ukitaka uzito wa katikati ambao duka halina, nunua seti mbili na uzipange kwa kupishana, tatu nzito na tatu nyepesi, moja baada ya moja, ili puli isiyumbe. Seti ya rola ni kati ya spea za bei ndogo kabisa kwenye skuta, na kwa mtu wa milimani sijui kitu kingine chenye faida kubwa kuliko hicho kwa hela hiyo.

Utajua umezidisha wepesi pale injini inapolia juu sana huku mwendo hauongezeki, na mafuta yanapoanza kwenda. Rudi nusu gramu. Usizipake rola grisi. Zinatakiwa zikae kavu. Grisi hukusanya vumbi la mkanda ikawa tope, na ikirukia kwenye mkanda utateleza. Wakati huo huo angalia vile vipande vitatu vya plastiki vinavyoshika sahani ya nyuma ya rola. Vikilegea vinagonga, na vinauzwa bei ndogo.

Nyuma, angalia klachi. Kama skuta inachelewa kuondoka na injini inalia kwanza, shuu zake huenda zimeng'aa kama kioo. Zipige msasa mpaka ziwe na mkwaruzo, na ndani ya bakuli la klachi vilevile, kisha futa. Vumbi lile usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji, na vaa barakoa. Ukikuta oili ndani ya boksi, sili ya kranki au ya giaboksi inavuja, na mkanda mpya utateleza wiki ile ile. Rekebisha sili kwanza. Ile springi kubwa ya nyuma hulegea ikizeeka, na ikilegea mkanda unateleza mlimani. Ukiibadilisha nunua ya kawaida. Zile ngumu zenye rangi za kuvutia zimetengenezwa kwa injini zilizoongezewa nguvu. Kwenye yako zitakula mkanda na petroli.

Kuna jambo moja kwenye kufunga ambalo limeharibu kranki nyingi, kwa hiyo simama karibu na fundi uangalie. Kabla hajarudisha uso wa nje wa puli ya mbele, lazima afungue puli ya nyuma kwa mikono na kuuzamisha mkanda ndani, ili mbele mkanda ulegee. Asipofanya hivyo mkanda hubanwa kati ya nyuso mbili za puli, nati inakaza na kuonekana imefika, kumbe imeukaza mkanda. Ukiwasha injini mkanda unashuka, nati inalegea, na meno ya kranki yanasagika. Baada ya hapo ni kushusha injini. Ishara kwamba amefunga sawa: nati ikishakaza, puli inazunguka ikiwa imenyooka na mkanda unacheza kidogo. Na asizuie puli kwa kuchomeka bisibisi kwenye mapezi yake. Yanavunjika. Kuna kifaa cha kuishikilia, au spana ya upepo.

Ukishamaliza hapo, rudi mlima wako, andika namba. Wengi huishia hapa na kuridhika. Wewe kwa kuwa umepanda kutoka pwani, endelea kwenye kabureta.

Fungua plagi baada ya safari ya kawaida. Ya injini hii kwa kawaida ni C7HSA, ufa wa milimita 0.6 hadi 0.7. Kauri yake ikiwa kahawia hafifu, kabureta iko sawa. Ikiwa nyeupe, petroli ni pungufu, na hiyo ni hatari kwa pistoni. Ikiwa nyeusi kavu yenye masizi, petroli imezidi, na naamini yako iko hivyo. Nyeusi yenye oili ni habari nyingine, nitaifikia. Plagi ya kawaida ya kampuni inayojulikana inatosha. Za iridiamu hudumu zaidi lakini hazitakupandisha Ilboru. Mradi umeifikia, chomoa na kofia ya waya wa plagi, kata nusu sentimita ya ncha ya waya kama imeota kutu ya kijani, uikaze tena.

Usikimbilie kubadilisha jeti, kile kipande chenye tundu linalopitisha petroli ndani ya kabureta. Anza na chujio. Arusha ina vumbi, na chujio lililoziba linafanya mchanganyiko uzidi kuwa mzito wa petroli. La sponji lioshe kwa sabuni, likauke kabisa, lipake oili kidogo na ulikamue. La karatasi libadilishe. Halafu jibu kwa yule aliyekuambia ulivue: kabureta ya skuta hii inafanya kazi kwa mvuto wa hewa unaoinua pistoni ndogo yenye pira jembamba. Boksi la chujio ni sehemu ya mpangilio huo. Ukilivua, mvuto unavurugika, injini inakohoa katikati ya resi, na vumbi la barabara linakuwa msasa ndani ya silinda. Nusu ya injini za 125 zinazovuta moshi wa bluu zingesalimika kama chujio lingebaki mahali pake. Hiyo nusu ni ya macho yangu ya gereji, usiinukuu.

Baada ya chujio, choki ya umeme. Ni kile kidude cheusi cha duara chenye nyaya mbili ubavuni mwa kabureta. Injini ikiwa baridi kinaacha petroli ya ziada ipite. Kikipata umeme kinapata joto, sindano yake inatoka taratibu na kuziba njia ndani ya dakika chache. Kikifa, au waya wake ukikatika, injini inaenda na choki wazi siku nzima. Mafuta yanaisha, plagi inakuwa nyeusi, mlimani inazama. Ni zile zile dalili zako, kwa hiyo kikague kabla ya kulaumu mwinuko. Kichomoe kikiwa baridi, pima urefu wa sindano, kiunganishe na betri ya volti 12, ngoja dakika tano, pima tena. Kisiporefuka kimekufa. Kikirefuka, hakikisha nyaya zinazokifikia zina umeme injini ikiwa inazunguka.

Kikiwa kizima na plagi bado ni nyeusi, hapo ndipo jeti kuu inaingia. Fungua bakuli la kabureta, soma namba kwenye jeti. Tuseme ni 110: kwa mwinuko wa Arusha jaribu 105, uone plagi inasemaje, kisha uamue. Hatua ndogo, plagi kila mara. Jeti ni shaba ndogo, bei yake ndogo, lakini ukishuka kupita kiasi injini inachemka na kutoboa pistoni, na hapo laki na nusu haitoshi. Siku ukirudi kuishi pwani, rudisha ile ya zamani. Iweke kwenye kimfuko ndani ya buti ya skuta. Jeti usiitoboe kwa waya ili kuisafisha, puliza hewa.

Bakuli likiwa wazi, mimina petroli yake kwenye glasi safi. Maji hukaa chini kama tone linalotembea. Kama unanunua petroli ya chupa barabarani, usishangae ukiyakuta. Fungua pia kifuniko cha juu uangalie lile pira jembamba dhidi ya mwanga: likiwa na tundu hata dogo, skuta haipandi spidi hata ufanye nini, na hapo hakuna gundi, ni kununua. Lisiguswe na dawa ya kusafishia kabureta, inalivimbisha. Mwisho kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini: injini ikiwa inanguruma taratibu bila resi, nyunyizia maji kidogo kuuzunguka. Mlio ukibadilika, una ufa.

Skrubu ya mchanganyiko irekebishe injini ikiwa na moto: izungushe polepole mpaka injini ipande juu kabisa yenyewe, kisha shusha resi kwa skrubu ya resi.

Vavu sasa. Hii kazi mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani, na mwenye skuta ya mtumba karibu kila mara anakuta hazijaguswa. Injini lazima iwe baridi kabisa, ilale usiku. Kwa GY6 uwazi ni kama milimita 0.10 kwa ya kuingiza na ya kutoa. Kitabu cha skuta yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Sumaku huzungushwa mpaka alama ya T ilingane, na meno ya kamu yaonyeshe tundu kubwa juu na matundu mawili madogo sambamba na uso wa hedi. Hapo roka zote mbili, ile mikono inayosukuma vavu, zinacheza kidogo. Zisipocheza, injini iko mzunguko mwingine, azungushe tena mara moja. Vavu zikibana, zikipata moto hazifungi kabisa, mgandamizo unavuja, na dalili yake ni skuta inayokwenda vizuri asubuhi na kuchoka mchana. Gharama ni ufundi tu, pamoja na gasketi au pira la kifuniko kama la zamani limekauka.

Oili haiongezi farasi, lakini oili iliyochakaa inawapunguza. Injini hii inakula lita 0.8 hadi 0.9 na haina filta ya karatasi, ina wavu tu nyuma ya nati kubwa ya chini, wenye springi. Ukifungua, springi inaruka, usiipoteze. Kila kilomita 1,500 hadi 2,000 badilisha. Klachi ya skuta ni kavu, iko nje ya oili, kwa hiyo hulazimiki kununua oili yenye alama ya JASO MA wanayohitaji bodaboda; yenye alama ya MB inafaa na ina msuguano mdogo zaidi. Giaboksi ya nyuma nayo ina oili yake, kidogo tu, kati ya mililita 100 na 200, na kuna skuta hazijawahi kuibadilishiwa tangu kiwandani. Halafu chungulia plastiki inayofunika feni na mapezi ya silinda. Hewa ya feni ndiyo inayoipoza. Plastiki ikivunjika au mapezi yakijaa matope, injini itachoka kila safari ndefu.

Vya kuacha dukani: CDI za "mashindano" (CDI ni kiboksi kinachoamuru cheche ya plagi, na hizo huuzwa kwa kuondoa kikomo cha mizunguko), koili za rangi, dawa za kumwaga kwenye tanki, na zile sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli. Injini yako haifiki kwenye kikomo cha mizunguko, kwa hiyo kukiondoa kikomo hakukupi kitu. Ekzosi iliyotobolewa inaongeza kelele na kuvuruga kabureta, basi. Kama una jamaa mwenye skuta ya 50 ya tusitroko, ya kuchanganya oili na petroli, huyo ekzosi inamhusu kweli: yake huziba kwa masizi ya oili, na kuichoma na kuisafisha humrudishia nguvu bila kununua chochote. Yako ni fostroko, haina tatizo hilo. Angalia tu gasketi pale ekzosi inapokutana na hedi. Ikipumua utasikia mlio wa kutema na kuona alama nyeusi.

Yule wa silinda ya 150 hakukudanganya, amewahi tu. Injini ya 125 na ya 150 zina mwendo wa pistoni ule ule, milimita 57.8, tofauti ni upana, 52.4 dhidi ya 57.4. Lakini silinda mpya inataka pistoni, ringi, gasketi, jeti nyingine, na saizi ya injini haitalingana tena na ya kwenye kadi ya usajili. Juu ya yote, ukiifunga kwenye mkanda uliokonda, nguvu mpya itapotelea pale pale ilipopotelea ya zamani.

Swali la silinda lina wakati wake. Ukishafanya hayo yote na skuta bado ni nzito, mwambie fundi apime mgandamizo injini ikiwa na moto, resi imefunguliwa yote. Kisha atie kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Namba ikiruka juu, ringi na silinda vimekwisha, na plagi yako yenye oili na moshi wa bluu vitathibitisha. Isiporuka, vavu ndizo zinazovuja. Kama ni silinda, hapo itabidi ununue tu silinda, na siku hiyo mazungumzo ya 125 au 150 yatakuwa na maana.

Kwa laki na nusu yako, mpangilio wangu ni huu: upepo na breki leo, kesho boksi la mkanda lifunguliwe, mkanda upimwe, rola zipimwe na zibadilishwe, wiki ijayo chujio, plagi, choki na vavu, jeti mwisho. Ukikwama popote, niandikie upana wa mkanda, uzito wa rola moja, namba ya jeti na rangi ya plagi.